MIZANI YA BAFUNI NI SHAHIDI, SI HAKIMU



Kuna swali ambalo limenijia mara nyingi kwa ujumbe wa simu tangu mwaka huu uanze. Linakuja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile. "Mchungaji, ni sawa mtu aliyeokoka kununua zile mizani mpya zinazounganishwa na simu, zinazokuambia una mafuta kiasi gani, misuli kiasi gani na maji kiasi gani? Huko si kuutukuza mwili?"

Wengine hawaulizi kwa sababu wanazo tayari. Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga magoti, wanapanda juu ya kile kioo. Namba ikishuka, siku ni njema na Mungu ni mwema. Namba ikipanda, chai hainyweki, watoto wanafokewa na mume anashangaa amekosa nini.

Nitajibu wazi. Kuwa na mizani si dhambi. Mimi naona ni chombo kizuri. Lakini mizani ni shahidi, si hakimu. Ukimpa shahidi kiti cha hakimu, kesi yote imeharibika. Hilo ndilo neno langu leo, na naomba ulisome mpaka mwisho.

UNAHESABU KWA NINI?

Fungua Hesabu sura ya 1. Mungu mwenyewe anamwamuru Musa awahesabu wana wa Israeli. Sasa fungua 2 Samweli 24. Daudi naye anahesabu taifa lile lile. Lakini akimaliza, moyo wake unamsumbua, anakiri mbele za Bwana kwamba amekosa, na tauni inaingia katika nchi. Kazi ni moja, ya kuhesabu. Musa alihesabu akabarikiwa, Daudi alihesabu akalia.

Tofauti iko wapi? Tazama Yoabu. Hakuwa nabii wala kuhani, alikuwa mtu wa vita tu, lakini hata yeye alimuuliza mfalme anaitaka hesabu hiyo ya nini. Swali hilo la Yoabu ndilo nakuletea leo unapovua viatu kupanda mizani. Ya nini?

Kama jibu ni, "Mwili huu nimekabidhiwa na nataka kujua hali yake ili niutunze," panda, mpendwa, panda kwa amani. 1 Wakorintho 6:19-20 inatufundisha kwamba mwili wa mwamini ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba umenunuliwa kwa thamani. Mwenye kusimamia nyumba ya mwingine lazima ajue paa linavuja wapi.

Lakini kama jibu ni, "Nataka kujua kama bado ninapendeka," shuka. Swali hilo mizani haina jibu lake. Lilijibiwa msalabani.

MIZANI HIZI ZINAFANYAJE KAZI?

Watu wangu wasiangamie kwa kukosa maarifa, kwa hivyo tueleweshane.

Ukisimama bila viatu juu ya zile sehemu za chuma, mizani inapitisha umeme mdogo sana ambao hata huusikii. Unaingia kwa mguu mmoja, unapanda, unapita sehemu ya chini ya tumbo na kushuka kwa mguu wa pili. Maji yaliyo mwilini hupitisha umeme vizuri. Misuli ina maji mengi, kwa hivyo umeme unapita kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, kwa hivyo yanauzuia. Mizani inapima kizuizi hicho, kisha inachukua uzito wako, urefu, umri na jinsia uliyojaza kwenye simu, inaviweka kwenye fomula na kukuletea jibu: mafuta asilimia fulani, misuli asilimia fulani, maji asilimia fulani.

Umeona? Kilo zako imezipima kweli. Mafuta yako haijayaona wala kuyagusa. Imeyakadiria. Na kwa kuwa umeme ulipita miguuni na chini ya tumbo tu, kifua na mikono haikuvifikia. Imekisia kutokana na ilichokipata huko chini.

Kukadiria si kudanganya. Mkulima pia hutazama shamba la mahindi akakadiria magunia. Lakini hakuna mkulima anayelia usiku kucha kwa sababu jana alikadiria magunia 22 na leo 21.

Sasa sikia jambo litakalokushangaza. Ukinywa lita moja ya maji, uzito wako unapanda kilo moja hapo hapo. Je, umenenepa? Hapana. Ukila nyama choma yenye chumvi nyingi jioni, mwili unashikilia maji na kesho kilo zinapanda. Dada zangu, siku za mwezi nazo huleta maji na kuyaondoa. Na ukiwa umekaukiwa maji, umeme unapita kwa shida, na mizani inaweza kudhani kizuizi hicho ni mafuta. Kwa hivyo mtu anaweza kutoka kwenye mfungo mkavu wa siku tatu, akapanda mizani na kuambiwa kilo zimeshuka lakini asilimia ya mafuta imepanda! Mwili haukumsaliti. Ulikuwa na kiu tu.

USIIDANGANYE MIZANI

Wote mnajua gorogoro ya sokoni ambayo kitako chake kimegongwa kikapanda juu. Ukinunua mahindi unadhani umepata kipimo kamili, kumbe umeibiwa. Mithali 11:1 inatuambia Bwana anachukia mizani ya udanganyifu, na kipimo cha haki ndicho kinachompendeza.

Tumezoea kuhubiri andiko hilo kwa wafanyabiashara. Leo nalileta bafuni. Mizani yako inakuuliza umri, unajipunguzia miaka saba. Inakuuliza urefu, unajiongezea sentimita tano. Inakuuliza kama wewe ni mwanariadha, kwa sababu nyingi zina fomula tofauti ya wanaofanya mazoezi makali, na wewe ambaye unapanda bodaboda kutoka nyumbani hadi stejini unajibu ndiyo. Halafu unafurahia jibu zuri. Umemdanganya nani? Umeigonga gorogoro yako mwenyewe na kujiuzia mahindi.

Jaza ukweli. Ukweli hata ukiuma, ndio unaoweka mtu huru.

JINSI YA KUPIMA KWA AMANI

Haya ni mashauri mepesi.

1. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya kula na kunywa. Miguu iwe mikavu na mizani iwe juu ya sakafu ngumu, si kwenye zulia.

2. Usilinganishe leo na jana. Linganisha mwezi huu na miezi mitatu iliyopita. Mwelekeo ndio una habari.

3. Usilinganishe mizani yako na ya jirani. Fomula zinatofautiana, hata kwa mtu yule yule.

4. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopachikwa kifuani, usitumie mizani inayopitisha umeme. Mama mjamzito naye asitumie kipimo hicho cha mafuta. Tumia mizani ya kawaida.

5. Chukua utepe wa fundi wa nguo. Pima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kubana tumbo. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hatari ya magonjwa huongezeka kiuno kikipita sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huongezeka sana kikipita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume. Utepe huo hauhitaji betri wala simu, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayosumbua moyo na sukari zaidi.

Kwa nini nasema usitegemee kilo peke yake? Chukua watu wawili wenye kilo 80. Mmoja ana urefu wa mita 1.80, mwingine mita 1.60. Kwa ile hesabu ya uzito na urefu, inayoanzia kwa Mbelgiji Quetelet katika karne ya 19, wa kwanza anapata karibu 24.7, yuko sawa. Wa pili anapata zaidi ya 31, na daktari ataanza kuongea naye. Hata hesabu hiyo haijui kama kilo zako ni za misuli ya mtu anayebeba mawe kwenye mjengo au za kitambi cha anayeketi kutwa. Ndiyo maana hizi mizani mpya zina faida. Zinajaribu kujibu swali ambalo kilo haziwezi. Zipe nafasi yao, msizipe kiti cha enzi.

MAOMBI YA KUFUNGA SI MPANGO WA KUKONDA

Hapa naomba niseme kwa ukali kidogo, kwa upendo.

Kila Januari makanisa yetu yanafunga siku 21, mengine 40. Ni jambo tukufu. Lakini siku hizi nasikia watu wakipongezana, "Mfungo umenikubali, nimepoteza kilo sita!" Mpendwa, kilo nyingi za zile siku za kwanza ni maji, na akiba ya wanga ambayo mwili huihifadhi pamoja na maji. Ukirudi kwa chapati na chai ya maziwa, zinarudi. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni hili: Isaya 58 inapoeleza mfungo ambao Mungu ameuchagua, inazungumza juu ya kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula. Ukimaliza kufunga, usiulize mizani umepata nini. Muulize jirani yako mwenye njaa.

Na wewe uliye na ugonjwa wa sukari au presha, mama mjamzito, na wewe unayetumia dawa kila siku: zungumza na daktari kabla ya kufunga, na usiache dawa kwa sababu mtumishi fulani amekwambia ni imani. Mungu anayeponya ndiye aliyempa daktari akili. Sitaki kuzika kondoo aliyekufa kwa sababu aliona aibu kumwambia mchungaji wake kwamba anahitaji kula.

MACHO YETU NI MIZANI MBOVU KULIKO ZOTE

Wale wa rika langu mnakumbuka miaka ya tisini. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, lakini kabla ya hapo na hata baada yake, macho ya watu ndiyo yalikuwa mizani. Mtu akikonda kidogo, minong'ono ilianza, hata kanisani. Nani akae naye benchi moja? Nani anywe kwa kikombe chake? Watu walijifungia nyumbani badala ya kwenda hospitali kwa kuogopa macho yetu.

Leo tumegeuka upande wa pili. Dada akinenepa baada ya kujifungua, tunamsalimia kwa maneno, "Umekuwa mkubwa, jitunze bwana asikutoroke!" Tunacheka, naye anacheka. Akifika nyumbani analia. Na ndugu akipungua ghafla bila kujaribu, tunampigia makofi, "Umependeza!" kumbe pengine ni sukari au kifua kikuu, na angepaswa kuambiwa, "Ndugu yangu, umepimwa?"

1 Samweli 16:7 inatufundisha kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje lakini Bwana hutazama moyo. Na nabii Samweli mwenyewe, mtu wa Mungu, alikuwa karibu kumpaka mafuta mtu asiye sahihi kwa sababu alimpima kwa macho. Kama Samweli aliweza kukosea, wewe kwenye lango la kanisa ni nani?

Kwa hivyo naomba jambo moja kutoka kwa kila anayesoma ujumbe huu. Acha kuwapima watu kwa salamu. Mwili wa mtu si habari za kanisa.

Na wazazi, msimsimamishe binti wa miaka 14 juu ya mizani hiyo mbele ya ndugu zake. Fomula nyingi zimetengenezwa kwa watu wazima. Namba atakayoipata inaweza isiwe ya kweli, lakini kidonda kitakuwa cha kweli.

NAMBA ZAKO NI SIRI YAKO

Vikundi vya WhatsApp vya akina mama, na vya akina baba pia, vimeanza mashindano ya kupunguza uzito. Kila Jumatatu mnatuma picha ya mizani, anayeshuka zaidi anapewa zawadi. Nia ni njema, lakini mimi siungi mkono. Anayeshinda anajivuna, anayeshindwa anaacha kuja hata kwenye ushirika. Pia kuna wanaojinyima chakula Jumapili yote ili washinde Jumatatu.

Tena kumbuka, programu ya mizani hutuma habari zako kwa kampuni iliyoitengeneza, na mara nyingi kila mtu aliyesajiliwa kwenye simu hiyo moja anaweza kuonekana na mwenye simu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Kama sheria ya nchi inaziheshimu namba hizo, kwa nini sisi tunazimwaga kwenye kikundi chenye watu 200?

Badala ya mashindano, tembeeni pamoja. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Tembeeni mkiomba. Mtashuka basi kituo kimoja kabla ya kwenu na kumaliza orodha ya maombi kabla ya kufika nyumbani.

NA SISI KANISA TUNAPIKA NINI?

Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 27 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Hatuwezi kuomba dhidi ya presha madhabahuni halafu nje ya mlango tunawapokea watu kwa soda na mandazi. Weka maji. Weka ndizi na viazi vitamu. Punguza chumvi kwenye lile sufuria la harusi.

Watumishi wenzangu, nasi tusijifiche. Biblia inasema wazi kwamba kuhani Eli alikuwa mzee na mzito, na 1 Samweli 2 inaonyesha Mungu akiikemea nyumba yake kwa kujinenepesha na sehemu bora za sadaka za watu. Kuku wa mchungaji ni baraka, lakini kuku wanne kwa wiki katika nyumba nne ni jambo la kuombea.

Na kama huna mizani, usijione maskini. Tangu mwaka 2023 nchi yetu ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Mwite wa mtaa wenu. Presha haina dalili kwa wengi. Unaweza kuwa mwembamba, mizani ikakusifu, na presha ikawa juu. Hilo nalo mizani ya bafuni haliwezi kukuambia.

NENO LA MWISHO

1 Timotheo 4:8 inakiri kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na utauwa una faida kwa mambo yote. Wengi husoma hapo wakaacha kutembea. Paulo hakusema hayana faida. Alisema kidogo, na hicho kidogo kichukue chote. Kisha uende kwenye kikubwa.

Kuna mizani nyingine ambayo haiunganishwi na simu. Belshaza aliwekwa juu yake usiku ule katika Danieli 5 akaonekana amepunguka. Hakuwa amepunguka kilo. Alikuwa mfalme mwenye karamu kubwa na vyombo vya dhahabu. Alipunguka unyenyekevu mbele za Mungu aliyeishika pumzi yake. Hiyo ndiyo mizani ya kuogopa, na habari njema ni kwamba kwa aliye ndani ya Kristo, haki ya Mwana wa Mungu imewekwa upande wake.

Kwa hivyo kesho asubuhi anza na magoti, kisha kama ni siku yako ya kupima, panda mizani. Soma namba. Iandike. Shuka. Kunywa maji, uende kazini ukiwa mtu yule yule aliyependwa na Mungu jana.

Tuombe. Baba, asante kwa mwili huu ulionipa. Nisamehe pale nilipoudharau na pale nilipouabudu. Nipe hekima ya kuutunza, na unilinde nisiwapime wenzangu kwa macho yangu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA hapo chini. Usiandike kilo zako. Kisha mpigie simu mtu mmoja ambaye mwili wake umewahi kuutania, umwombe msamaha leo.

Barikiwa.